Timu ikihama, shabiki anabaki na jezi

SHABIKI wa soka wa Nyanungu, wilayani Tarime, ana timu mbili. Ya kwanza ni ya Kariakoo, Simba au Yanga, na hiyo anaicheki kwenye kibanda umiza. Ya pili ni ya mkoa wake, Biashara United Mara, na hiyo tangu iteremke daraja mwaka 2022 haijarudi Ligi Kuu.

Kata hiyo iko pembezoni kabisa mwa nchi. Upande mmoja Kenya, upande mwingine Hifadhi ya Serengeti. Enzi za Biashara kule juu, kuiona Ligi Kuu kwa macho kulimaanisha kutoka alfajiri, kufika Tarime mjini, kushika lami, kuvuka Mto Mara pale daraja la Kirumi na kuingia Musoma, Uwanja wa Karume. Safari inakula siku, nauli na chakula juu yako. Lakini ilikuwa inawezekana. Sasa hivi anayetaka mechi ya Ligi Kuu ya karibu lazima aende mpaka Mwanza.

Ndiyo maana hoja moja haikauki vijiweni mkoani Mara: kama wengine wananunua timu na kuzihamishia kwao, kwa nini Mara isifanye hivyo hivyo? Atafutwe tajiri, inunuliwe timu yenye njaa huko iliko, iletwe Karume, mchezo uishe.

Hoja inavutia. Lakini kabla ya kuipigia makofi, ni vizuri kuangalia yaliyotokea kwa waliopata timu kwa njia hiyo, na kwa walioachwa.

SINGIDA NA TIMU ZA KUPISHANA

Hakuna mkoa unaoonyesha jambo hili vizuri kama Singida.

Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo. Mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la FA na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar jijini Arusha. Watu wakaamini kuna kigogo kipya mjini. Mwaka 2020 timu ikashuka, na ndoto ikaishia pale.

Miaka miwili baadaye Ligi Kuu ikarudi Singida, ila siyo kwa timu ile kupambana na kupanda. DTB, timu ya benki iliyokuwa na makazi Dar es Salaam, ilipanda daraja mwaka 2022, ikabadili jina na kuwa Singida Big Stars. Ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate na ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika.

Shabiki wa Singida hajamaliza kuzoea jina hilo, timu ikaondoka. Msimu wa 2024/25 ilikuwa inaitwa Fountain Gate tu na nyumbani kwake ni Babati mkoani Manyara, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa.

Singida haikubaki mikono mitupu. Ihefu ya Mbarali mkoani Mbeya ilishahamia Uwanja wa Liti katikati ya msimu wa 2023/24, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars.

Piga hesabu. Ndani ya misimu minane, shabiki mmoja wa Singida ameombwa kuzipenda timu tatu tofauti, na mojawapo kwa majina mawili. Kila mara jezi mpya, kila mara wimbo mpya.

Tusimwonee, naye amefaidi. Singida Black Stars ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB na kufungwa na Yanga, kisha Septemba 2025 ikabeba Kombe la Kagame. Kwa mkoa uliokuwa hauna timu juu mwaka 2021, hayo siyo mambo madogo. Anayesema timu ya kuletwa haina raha hajawahi kukaa Liti siku imejaa.

MBARALI WALIKOSEA NINI?

Swali gumu liko upande wa pili wa barabara.

Mbarali ni wilaya ya mpunga. Timu yao ilikuwa inacheza Uwanja wa Highland Estates, mahali ambapo wakubwa wa Kariakoo walikuwa wanafika kwa tahadhari. Novemba 29, 2022, Yanga ilikwenda pale ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ikapigwa 2-1. Rekodi ikafia kwenye mashamba ya mpunga.

Wengine wakasema ni bahati. Oktoba 2023 Yanga ikarudi palepale, ikapigwa tena 2-1.

Miezi michache baada ya ushindi huo wa pili, timu haikuwepo Mbarali. Haikushuka daraja. Haikufungiwa. Uwanjani ilikuwa imewapa mashabiki wake usiku ambao wilaya nyingi hazitaupata kamwe. Iliondoka kwa sababu kilichoitwa "timu yetu" hakikuwa chao kwa maana ya karatasi. Walikuwa na mapenzi. Mwenye karatasi alikuwa mwingine.

Kombe la Kagame lilipokuja, likaenda Singida. Mbarali waliliona kwenye runinga kama wengine wote.

Tabora nao wana hadithi inayofanana, ila wao wako upande wa waliopokea. Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro, ilihamia kwao, ikapanda na mwaka 2023 ikaitwa Tabora United. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu, dhidi ya Azam, iliingia uwanjani na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili, na pambano likavunjika mapema Azam ikiongoza 4-0. Ilijikusanya, ikabaki. Mwaka 2025 jina likabadilika tena, ikawa TRA United.

Na kwa wa Mara jina la Tabora United lina kidonda chake. Ndiyo timu iliyoizuia Biashara kwenye mchujo wa kupanda mwaka 2024. Timu iliyobaki kwao ikazuiwa mlangoni na timu iliyohama.

SIYO SISI PEKE YETU

Wanaodhani huu ni ugonjwa wa Tanzania wakaangalie mchezo wa magongo wa kwenye barafu kule Amerika Kaskazini. Huko kuhama kwa timu ni sehemu ya biashara, na mashabiki wa magongo hubishana kila mwaka ni timu ipi ina hali mbaya na itapelekwa wapi.

Quebec ilipoteza timu yake mwaka 1995, ikahamia Colorado. Msimu wa kwanza tu huko, mwaka 1996, timu ileile ikabeba Kombe la Stanley, taji kubwa kuliko yote kwenye mchezo huo. Mtu wa Mbarali akisimuliwa hilo hahitaji maelezo ya ziada.

Winnipeg nayo ilinyang'anywa timu mwaka 1996, ikaenda Phoenix. Watu wakalia miaka 15. Mwaka 2011 wakapata timu tena, lakini ilitoka wapi? Ilitolewa Atlanta. Kilio kilihama tu, kikawa cha wengine. Na ile iliyotoka Winnipeg nayo haikutulia, mwaka 2024 wachezaji wake wakahamishiwa Utah.

Kwenye soka la Uingereza iko Wimbledon. Mwaka 2002 iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, na ilipofika mwaka 2003 ilianza kuchezea kwenye uwanja wa magongo. Mashabiki waliobaki hawakuifuata. Walianzisha timu yao, AFC Wimbledon, wakaanzia daraja la tisa, na mwaka 2011 walikuwa wamepanda mpaka daraja la nne. Mwaka 2020 wakarudi kucheza mtaani kwao, Plough Lane.

Tofauti ya timu hiyo na iliyohama haiko kwenye vikombe. Iko kwenye umiliki. Ya pili ilikuwa mali ya mashabiki wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuiamkia asubuhi na kuipakia kwenye lori.

BIASHARA ILIFIA WAPI?

Sasa turudi Mara, maana hapa ndipo hoja ya kununua timu inapoonekana dhaifu.

Biashara United, iliyowahi kuitwa Polisi Mara, ilianza Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Msimu wa 2020/21 ikamaliza ya nne. Hiyo siyo timu ya kubahatisha. Ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa Dikhil ya Djibouti, kisha Oktoba 2021 ikaichapa Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 kwenye mechi ya kwanza, Uwanja wa Mkapa.

Ilibaki kwenda Libya kulinda mabao mawili. Haikwenda. Maelezo ya wakati ule yalitaja ukata wa fedha na vibali vya ndege kuchelewa. Timu ikatolewa mashindanoni bila kufungwa. Msimu huohuo wa 2021/22 ikashuka daraja.

Hilo ndilo linalomuuma shabiki wa Nyanungu kuliko kipigo chochote. Mara haikukosa wachezaji. Haikukosa watu wa kujaza Karume. Ilikosa mfuko. Sasa kama mfuko haukuwepo kwa timu iliyozaliwa hapa na kushinda hapa, utatoka wapi kwa timu itakayonunuliwa mkoa mwingine?

Na kama utatoka kwa tajiri mmoja, basi Mara itakuwa imekodi timu. Tajiri akichoka, au akipata ofa nono, timu itaondoka kama ilivyokuja. Iliyoletwa na basi huondoka na basi.

WALIOSHUKA WAKABAKI

Kuna mifano ya njia ndefu, nayo haina mbwembwe.

Pamba ya Mwanza, bingwa wa Tanzania mwaka 1990, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20. Ilipata tabu za kila aina, lakini haikuhamishwa. Jiji la Mwanza likaichukua, ikaitwa Pamba Jiji, na mwaka 2024 ikapanda. Mbeya City, iliyo chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilishuka mwaka 2023 na mwaka 2025 ikarudi.

Mfano mwingine uko Geita. Geita Gold ni timu ya halmashauri iliyobebwa na udhamini wa mgodi wa dhahabu. Ilipanda mwaka 2021, ikamaliza ya nne msimu wa kwanza, ikacheza Afrika, na mwaka 2024 ikashuka. Iliumiza, ila timu bado ni ya Geita. Iliyoshuka unaweza kuipandisha. Iliyohama utaipandishia wapi?

Mfano huo unapaswa kusomwa kwa makini Tarime, maana mgodi wa dhahabu wa North Mara uko kwenye wilaya hiyohiyo yenye Nyanungu. Mkoa una dhahabu, una samaki wa Ziwa Victoria, una watalii wa Serengeti. Hata hivyo Geita inafundisha pia kwamba mdhamini mmoja hatoshi, na halmashauri nazo zina udhaifu wake. Viongozi wanabadilika, bajeti zinabadilika nao.

Ndiyo maana kipande cha mashabiki ni cha lazima. Simba na Yanga ziliposhika njia ya uwekezaji, mgawanyo uliowekwa ulikuwa asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji. Watu wamebishana sana kuhusu hesabu hizo, lakini zina faida moja ambayo haisemwi. Hakuna tajiri atakayeamua usiku kwamba kuanzia kesho Simba inacheza Babati.

Kwa timu ya mkoani hilo linawezekana kwa kadiri yake. Kadi ya uanachama inayouzwa Musoma, Bunda, Tarime na Mugumu. Hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka. Kipengele kwenye katiba kwamba makazi na jina havibadiliki bila kura ya wanachama. Kadi hizo peke yake hazitalipa ndege ya kwenda Libya. Lakini mdhamini anayekuta wanachama elfu kadhaa na vitabu safi ana sababu ya kuweka fedha, na hana nafasi ya kubeba timu akiondoka.

Hiyo ni njia ya polepole, na kwa shabiki aliyezoea kusubiri inaudhi. Kununua timu iliyo tayari Ligi Kuu ni jambo la dirisha moja tu, Agosti Yanga inatua Karume. Ila kila anayeitamani njia hiyo anapaswa kujua kwamba mahali fulani, kama Mbarali, kuna kata nyingine yenye watu wanaotoka alfajiri kwa nauli yao kwenda kuiona timu hiyohiyo. Na siku Mara itakapotangaza kwamba imenunua, wao ndio watakaobaki na jezi isiyo na timu.