Kitasa cha namba na mlango wa Hirbadaw

Muuza vitasa akikuonyesha kile cha kubonyeza namba hukuahidi mambo mawili: hutapoteza ufunguo tena, na mwizi hataingia. La kwanza ni kweli. La pili ndilo linalopandisha bei.

Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar vitasa hivi vimepata soko, hasa kwenye nyumba zinazopangishwa kwa siku chache. Mwenye nyumba anamtumia mgeni namba kwa simu. Mgeni akiondoka, namba inabadilishwa. Hakuna wa kukimbizana na funguo. Hapo kitasa kinarudisha fedha yake. Lakini panda hadi Hirbadaw, wilayani Hanang, uone kama hesabu ni ileile.

Tuanze na namba yenyewe. Tarakimu 4 zinatoa michanganyiko 10,000, na vitasa vingi hujifunga kwa muda ukikosea mara kadhaa. Si haba. Tatizo ni vidole. Vitufe 4 vikichakaa kuliko vingine, mwenye macho makali hubakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 tumejua pia tabia zetu: namba ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, na ileile ndiyo ya simu, ya benki na, sasa, ya mlango. Halafu vingi vya vitasa hivi vina tundu la ufunguo lililofichwa chini ya kifuniko, kwa siku betri zikiisha. Kwa hiyo umenunua kitasa cha zamani kilichovalishwa koti.

Ila mwizi wa kijijini hahangaiki na namba wala tundu. Anakuja na mtaimbo. Ulimi wa kitasa ukiingia kwenye fremu ya mbao laini iliyoshikwa kwa skrubu fupi, teke moja linatosha, hata kama kitasa kilitoka Ulaya. Pale ukuta ulipo wa tofali za udongo, au bati la paa limepigiliwa kwa misumari michache, mlango anauacha kabisa. Mafundi wa kuchomelea wanaijua siri hii kuliko wauza vitasa, ndiyo maana kazi yao ya mageti na nondo haikauki.

Wazee wa Kiiraqw walilifahamu jambo hili bila kitasa chochote. Enzi za uvamizi wa Wamaasai walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa la udongo likalingana na ardhi, ng'ombe wakalala humo humo na watu. Ulinzi ulikuwa katika jengo, na ulizingatia mali iliyokuwa ikiwindwa. Hanang bado ni nchi ya mifugo, kwa Wairaqw na kwa Wabarabaig. Mali ya kaya nyingi hulala zizini, na zizi halina mlango wa kubonyeza namba. Kwa ng'ombe, teknolojia yenye maana ni utambuzi: Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ndiyo iliyofungua njia ya hereni masikioni. Hereni haimzuii mwizi kuswaga kundi usiku. Inampa tabu siku ya mnada.

Sisemi kitasa cha namba ni upuuzi. Ofisi yenye wafanyakazi wengi wanaoingia na kutoka inakihitaji, na shule yenye bweni pia, mradi mlango ni wa chuma na kuna mtu wa kukumbuka kubadilisha betri. Mwenye duka la pembejeo au wakala wa pesa za simu pale Hirbadaw hayuko kwenye kundi hilo. Kufuli zuri linanunuliwa kwa maelfu, kitasa cha namba kwa malaki. Tofauti hiyo ampelekee fundi wa kuchomelea: fremu ya chuma iliyozamishwa ukutani, makomeo mawili, nondo dirishani. Chenji ikibaki, anunue taa ya sola ya kuning'iniza nje.