Kabla ya Kupeleka Picha ya Simu Studio



Zamani mpiga picha alikuja kijijini na kamera yake. Alipiga, akaondoka na filamu, na baada ya siku nyingi akaleta picha zimeshasafishwa. Kazi yote ilikuwa yake. Siku hizi tunapiga wenyewe kwa simu, na studio tunakwenda kusafisha tu. Kwa hiyo nusu ya kazi ya fundi imekuwa yetu.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki. Watoto wanataka picha yake kubwa ya rangi, inchi 12 kwa 16, waitie kwenye fremu. Picha ipo, kila mmoja anayo, maana ilitumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Wanaipeleka mjini. Inatoka imefifia: macho hayaonekani vizuri, mvi na ngozi vimechanganyika kama uji. Watoto wanamlaumu fundi, na fundi naye ati ni mashine. Kumbe kasoro iko kwenye picha yenyewe waliyompelekea.

Hebu tuone sababu. Picha ya simu imejengwa kwa vinukta vidogo vidogo vya rangi, kama mkeka unavyojengwa kwa ukindu. Mafundi huviita pikseli. Ili picha itoke safi kabisa, kila inchi ya karatasi inataka vinukta 300 kwa urefu na 300 kwa upana. Basi picha ya posti kadi, yaani inchi 4 kwa 6, inataka vinukta 1,200 kwa 1,800. Simu ya megapikseli 12 hutoa vinukta kama 3,000 kwa 4,000. Hata ukiikuza picha hiyo kufikia inchi 12 kwa 16, kila inchi inapata vinukta 250, na ukutani hakuna atakayeona upungufu.

Sasa WhatsApp, ikituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza ili ipite haraka na isile bando. Upande mrefu hubaki na vinukta kama 1,600. Kwa posti kadi si mbaya. Lakini gawanya 1,600 kwa inchi 16, unapata 100 tu. Ndio uji wenyewe huo. Na vinukta vikishapotea havirudi. Fundi anaweza kuing'arisha kwa kompyuta, lakini hapo kompyuta inabahatisha tu. Mnaweza kupewa uso mzuri ambao si wa mzee wenu.

Kwa hiyo tafuteni simu iliyopiga picha ile. Pengine ni ya mjukuu, naye yuko mbioni kufuta picha za zamani apate nafasi. Mwambieni leo asifute! Kisha simu hiyo yenyewe iende studio, au picha ihamishwe kwa waya, kwa memori kadi au kwa Bluetooth. Msipige picha ya kioo cha simu. Hiyo nayo hupunguza vinukta.

Kama mjukuu yuko mbali na hana budi kutuma kwa WhatsApp, aitume kama dokumenti, asiitume kama picha. Hapo inafika nzima. Tangu mwaka 2023 kuna pia alama ya HD, ambayo hupunguza kidogo zaidi kuliko njia ya kawaida, lakini bado inapunguza.

Picha nzima ina uzito wa MB 3 hadi 5 mara nyingi, basi picha kumi zinaweza kufika MB 50. Anaponunua vocha ajiunge kwanza na bando la intaneti. Bando la dakika halitumi picha, na vocha ikiachwa bila bando huliwa upesi. La siku moja linatosha kama anatuma leo. La mwezi kwa picha moja ni kutupa fedha.

Kuna jambo jingine linalowaudhi watu: kukatwa. Picha ya simu kwa kawaida ina umbo la 3 kwa 4, na karatasi ya posti kadi ni nyembamba kuliko hiyo. Ili karatasi ijae, picha hukatwa kama nusu inchi kwa jumla. Mtoto aliyesimama ukingoni anabaki na sikio moja. Mnapopiga picha ya jamaa wote, acheni nafasi pembeni na juu ya vichwa. Kama picha imeshapigwa, mwombeni fundi asikate, aache ukingo mweupe.

Halafu giza. Kioo cha simu kinawaka, karatasi haiwaki. Picha inayopendeza kwenye simu hutoka na giza kidogo karatasini, hasa nyuso zetu nyeusi zikipigwa mbele ya anga au ukuta mweupe. Pigeni kivulini, nuru iwaangukie usoni, na mfute kioo cha kamera kwa pembe ya khanga safi. Kabla ya kuchagua picha ya kusafisha, punguzeni mwanga wa simu hadi nusu, ndipo mtazame.

Mkifika studio, msikubali kubwa moja kwa moja. Safisheni kwanza ndogo ya posti kadi, mtoke nayo nje, muitazame kwenye mwanga wa mchana. Uso ukiwa na giza, fundi aongeze mwanga kabla hajatoa ile ya fremu.