Shamba la Maua Lisilouza Maua

Katika shule yetu hapa Naivasha si ajabu kumpata mwanafunzi ambaye karo yake hutokana na mawaridi. Mama yangu ni mmoja wa wanaoyapanga mawaridi kwa urefu wa shina kabla hayajapelekwa uwanja wa ndege. Kwa hivyo binamu yangu anayesoma Uholanzi alipotutumia picha za matembezi yake ya siku moja, mwezi wa Aprili, katika mashamba ya tulipu, sisi tulizitazama kwa jicho la kazi, wala si la urembo tu. Swali likazuka papo hapo: ikiwa watu hawa wana maua yametandazwa hadi upeo wa macho kama mikeka ya Lamu, nyekundu hapa, manjano pale, zambarau kule, mbona wanunue yetu?

Nilimhoji binamu kwenye simu mpaka akachoka nami. Jibu lenyewe ni la ajabu: yale mashamba hayalimwi kwa ajili ya maua.

Hebu tuanze na udongo. Kati ya miji ya Haarlem na Leiden, nyuma ya vilima vya mchanga vya pwani, kuna ukanda wa ardhi ya kichanga. Tulipu huota kutoka kwa tunguu, yaani kitu kama kitunguu maji kilichovishwa ganda la kahawia, na tunguu likituamiwa na maji huoza. Mchanga hupitisha maji upesi. Isitoshe, karibu robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo Waholanzi wamekuwa mafundi wa maji. Kila shamba lina mitaro, na kimo cha maji ndani yake hupandishwa na kushushwa kwa kipimo.

Binamu alipanda basi kutoka Leiden hadi mji mdogo wa Lisse, iliko bustani ya Keukenhof. Maana ya jina hilo ni bustani ya jikoni, kwa kuwa katika karne ya 15 mahali hapo palikuwa sehemu ya ardhi ya bibi mmoja mtawala, Jacoba, ambaye jiko lake lilipata mboga na viungo kutoka hapo. Umma ulianza kuingia mwaka wa 1950. Leo bustani ina hekta 32, na kila mwaka kabla ya baridi kali matunguu kama milioni 7 hupandwa humo kwa mkono. Kwa mkono, ati! Mengine hupandwa kwa tabaka, moja juu ya jingine, ili ua hili likinyauka lile liinuke pahali pale pale. Baada ya kazi yote hiyo bustani hufunguliwa kwa muda wa wiki nane hivi tu, kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei. Ni kama duka la maonyesho. Wakulima wa matunguu hutoa bidhaa zao zipandwe pale ili wanunuzi wazione.

Nje ya bustani ndiko kwenye mashamba yenyewe. Hapo, maua yakiwa yamechanua vizuri kwa siku chache, na mkulima ameyakagua asije akaacha mche mgonjwa, mashine hupita na kuyakata vichwa yote. Mama aliposikia hivyo aliuliza kama watu hao wamerogwa. La hasha. Ua likiachwa litatengeneza mbegu, na mbegu hula nguvu ya mmea. Likikatwa, majani hubaki yakipika chakula, na chakula chote hushuka chini. Lile tunguu lililopandwa huisha kabisa, na mahali pake huzaliwa mengine mapya. Hayo ndiyo mavuno, nayo hung'olewa mwezi wa Juni na Julai, wakati ambapo mtalii amekwisha kwenda zake. (Kwa hivyo ukijaliwa kwenda, nenda Aprili. Ukifika Juni utaonyeshwa majani makavu.)

Je, sisi tungeweza kuyapanda? Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati. Ilipitia Uturuki ndipo ikafika Uholanzi, ambako mtaalamu wa mimea Carolus Clusius aliipanda Leiden mwaka wa 1593, nayo ikachanua 1594. Mmea huo wa milimani hauchanui vyema mpaka tunguu lipate baridi kali kwa majuma mengi. Baridi yetu ya Julai, pamoja na masweta yetu yote, haitoshi.

Waridi nalo ni kinyume chake. Lataka jua mwaka mzima, na jua la Uholanzi wakati wa baridi huchomoza kwa kuchelewa na kuzama mapema. Hapo ndipo penye riziki yetu. Mawaridi ya Kenya husafirishwa kwa ndege, na mengi huuzwa katika mnada wa Aalsmeer, si mbali na Lisse. Mnada wao huenda kinyumenyume: saa kubwa huanza na bei ya juu, bei ikashuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Ukingoja sana ili upate rahisi, mwenzako amechukua.

Mwaka wa 2020 korona ilipofunga masoko, Keukenhof haikufunguliwa. Tulipu zilichanua bila wageni. Majuma hayo hayo ya 2020, mama na wenzake walirudishwa nyumbani, tukala ugali na sukuma wiki hadi Agosti.

Jambo la mwisho aliloniambia binamu ni kuhusu wafanyakazi. Wengi wa wale wanaoshughulikia matunguu wakati wa mavuno ni wageni waliotoka Poland na nchi za jirani kutafuta kazi ya msimu. Matunguu hupangwa kwa mzunguko wake, sentimita kwa sentimita. La sentimita 12 lina bei nzuri, na yale madogo hurudishwa udongoni yakue mwaka mwingine. Shina la waridi likiwa fupi, mama huliweka kando, na hilo halirudi udongoni.