Je, Wajua? Sumaku Inayofichua Saratani ya Tezi Dume

Kipimo cha picha cha MRI hakitumii eksirei; hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Katika utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa 2017 na kuhusisha wanaume 576, iligundua 93 kati ya kila saratani hatari 100 za tezi dume. Sindano za kuchukua nyama, zilizoongozwa na ultrasaundi, ziligundua 48. Tofauti kubwa mno!

Baada ya tiba, PSA (protini ya tezi dume) kwenye damu ikianza kupanda tena, MRI husaka saratani iliyorudi. Tiba ya mionzi huacha makovu yanayotatiza picha, hivyo dawa hudungwa mshipani: uvimbe huinywa haraka, ukang'aa.

Kutoka Kitai, mkoani Ruvuma, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Babu, kabla ya safari hiyo, kipimo cha PSA huhitaji damu kidogo tu, anzia hapo.