Antena ya Redio Nje ya Nyumba: Eathi Ziwe Kitu Kimoja

Kakamega na maeneo jirani ya Magharibi mwa Kenya hupata radi nyingi, hasa alasiri za msimu wa mvua ndefu kati ya Machi na Mei. Wakazi na shule zenye redio za ridhaa, yaani redio za mawasiliano ya masafa ya mbali zinazotumika kwa kujifunza na bila biashara, wanahimizwa kukagua antena zao kabla ya mvua kuanza. Ushauri huu unawahusu pia wenye antena ndefu za televisheni.

Hatari iko wapi?

Wengi huchimbia fimbo ya shaba chini ya mlingoti na kuamini kazi imeisha. Nyumba nayo huwa na eathi yake karibu na mita ya umeme. Eathi hizo mbili zisipounganishwa, hatari huongezeka.

Radi ya kawaida hubeba mkondo wa takriban ampea 30,000. Ikishuka kwenye eathi yenye ukinzani wa omu 10, volti hupanda hadi 300,000 kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Eathi ya nyumba wakati huo iko chini sana, kwa hivyo umeme hutafuta njia ya kuifikia. Njia iliyopo ni kebo ya antena, redio iliyo mezani, soketi ya ukutani, na mtu yeyote aliyeishika redio hiyo. Eathi zikiungwa kwa waya mnene, hupanda na kushuka pamoja, na tofauti inayoweza kuua hupungua sana.

Namna ya kufunga

• Fimbo ya shaba yenye urefu wa mita 2.4 hivi ichimbiwe kwenye udongo wenye unyevu. Udongo ukiwa wa mawe, ziongezwe fimbo nyingine na zote ziungwe.
• Waya wa kutoka kwenye mlingoti uwe mfupi, mnene na ulionyooka. Radi haipendi kona kali, huruka pembeni.
• Kizuia radi cha kebo kifungwe pale kebo inapoingia nyumbani, nacho kiungwe na eathi kwa nje.
• Eathi ya antena na ya nyumba ziungwe kwa waya wa shaba wa angalau milimita 16 za mraba. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA.
• Bomba la maji lisitumiwe kama eathi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki.
• Mlingoti usimamishwe mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata ukianguka hauzifikii.

Ukaguzi

Angalau mara mbili kwa mwaka, vibano vya eathi vifunguliwe, visuguliwe kutu na kukazwa upya. Kebo iliyopasuka kwa jua huingiza maji na yapaswa kubadilishwa. Kamba za kushikilia mlingoti zikilegea zikazwe, na kazi hiyo isifanywe na mtu mmoja peke yake wala kukiwa na mawingu ya mvua.

Ngurumo zikisikika

Eathi nzuri haizuii radi kupiga, na haimfanyi mtu awe salama kuendelea kuzungumza redioni. Kebo ya antena na waya wa umeme vichomolewe mapema, mawingu yanapokusanyika. Ngurumo zikishaanza, mtu asiguse kebo wala redio. Asubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Ni salama kumgusa, na msaada wa haraka unaweza kumwokoa. Asipopumua wala kuonyesha dalili za uhai, asukumwe kifua mfululizo na kwa nguvu, huku mwingine akitafuta gari la wagonjwa.

Leseni ya redio za ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Shule inayotaka kuanzisha chama cha redio yafaa ipate leseni hiyo, na itenge fedha za eathi katika bajeti ileile ya kununua mlingoti.