Karatasi Aliyoitia Sahihi Binti

Wako jamaa zetu waliohamia Marekani, na wazazi wa baadhi yao wamekuwa wakongwe huko huko. Desturi yetu ni mzee kulelewa nyumbani. Lakini yako maradhi yatakayo muuguzi usiku na mchana, na mwenye dharura humpeleka mzee wake katika nyumba ya kutunzia wazee. Siku hiyo hutolewa karatasi nyingi za kutiwa sahihi. Twapenda kuitaja moja, kwani ndiyo ngao kubwa ya nyumba hizo zinaposhtakiwa.

Mwaka 2008, katika jimbo la Kentucky, binti mmoja kwa ajili ya mama yake, na mke mmoja kwa ajili ya mumewe, kila mmoja kwa wakala aliopewa, walikubali kwa sahihi kwamba ugomvi wo wote na nyumba ile utapelekwa kwa msuluhishi wa faragha, si mahakamani. Mwaka wa pili yake wazee wote wawili walikufa. Jamaa wakashtaki, wakidai kuwa matunzo mabaya ndiyo yaliyowaua. Kampuni, Kindred Nursing Centers, ikajitetea kwa zile karatasi.

Mahakama kuu ya Kentucky ilizikataa: haki ya kusikilizwa na baraza la raia ni tukufu, haiachwi illa wakala wenyewe uitaje waziwazi. Lakini tarehe 15 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 1, iliipindua kanuni hiyo, kwani sheria ya mwaka 1925 yakataza mapatano ya usuluhishi kubaguliwa. Wakala wa binti ulikuwa wa mambo yote ya mama yake, basi akafungika. Ule wa mke ulikuwa na maneno finyu zaidi, ukarudishwa utazamwe upya. (Waliosoma fikihi watakumbuka tofauti ya wakala wa jumla na wakala wa jambo maalumu.)

Hatusemi kuwa wenye nyumba hizo wote ni madhalimu. Mshtakiwa ana haki ya kujitetea, na mkongwe aweza kufa pasipo kosa la muuguzi. Lakini mtetezi afunguaye daftari la wauguzi, lisomwe mgonjwa aligeuzwa ubavu saa ngapi na alikula nini, twamheshimu kuliko afungaye mlango kabla halijasomwa.

Tangu Septemba 2019, kanuni za serikali ya Marekani kwa nyumba zipokeazo fedha za Medicare na Medicaid zakataza kuifanya sahihi hiyo kuwa sharti la kumpokea mzee. Yapasa karatasi ielezwe kwa lugha ifahamikayo, na aliyekwisha kuitia sahihi aweza kuibatilisha katika siku 30.