Kabla ya Kuongeza Spika, Hesabuni Omu



Vikundi vyetu vingi hukodisha viti, sufuria na turubai kwa harusi, matanga na mikutano. Vingine vimenunua amplifaya na spika, na huo ni mradi mzuri, kwani watu wakikusanyika wanataka kusikia. Lakini chombo hiki tumekiona kikileta hasara kwa sababu ya jambo dogo.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea kilikuwa na amplifaya ya nyumbani na spika mbili, moja kila upande. Siku moja ya harusi watu walikuwa wengi, basi vijana wakaazima spika nyingine mbili za aina ile ile na kuziunga papo hapo. Sauti ilipanda kweli, watu wakafurahi. Haikuchukua muda, harufu ya kuungua ikatoka, halafu kimya! Wenye harusi walirudishiwa pesa zao, na akiba ya miezi kadhaa ikaenda kwa fundi. Akina mama walidhani wameuziwa kitu kibovu. Kumbe chombo kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni hesabu.

Omu ni nini?

Nyuma ya spika kuna namba mbili za kuangalia. Moja ni ya wati, yaani nguvu ambayo spika inaweza kubeba. Nyingine ni ya omu, nayo huandikwa kwa alama hii: Ω. Jina hilo linatokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake ya umeme mwaka 1827. Omu hutuonyesha jinsi spika inavyouzuia umeme. Omu zikiwa nyingi, umeme unaopita ni kidogo. Omu zikipungua, umeme unaopita ni mwingi. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8, 6 au 4.

Nyuma ya amplifaya pia, karibu na mahali pa kufungia waya za spika, huandikwa omu inazokubali, kwa mfano 4–16. Shikeni sana ile namba ndogo. Hapo ndipo mwisho wa kushuka.

Tuseme amplifaya inatoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, yaani wati 50. Ya omu 4 itavuta ampea 5, yaani wati 100. Mkishuka hadi omu 2, amplifaya itadaiwa ampea 10, yaani wati 200. Ikiwa haikutengenezwa kwa kazi hiyo, transista zake hupata joto jingi na kuungua.

Njia mbili za kuunga

Njia ya kwanza ni kuunga sambamba: waya zote nyekundu pamoja, na zote nyeusi pamoja. Fikirieni tangi la maji la kikundi. Mkifungua mfereji mmoja, maji hutoka kiasi. Mkifungua miwili, maji hutoka maradufu. Umeme nao ni hivyo, kila spika ni mfereji mwingine. Kama spika zinalingana, gawanyeni omu kwa idadi ya spika. Mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Nne za omu 8 zinakuwa omu 2.

Hayo ndiyo yaliyowapata akina mama wale. Spika zao zilikuwa za omu 4. Kila upande ulipopata spika mbili, omu zilishuka hadi 2, na amplifaya ilitaka zisipungue 4.

Njia ya pili ni mfululizo. Nyekundu ya amplifaya inakwenda kwa nyekundu ya spika ya kwanza. Nyeusi ya spika hiyo inakwenda kwa nyekundu ya spika ya pili. Nyeusi ya spika ya pili inarudi kwa nyeusi ya amplifaya. Hapa mnajumlisha: omu 4 na 4 ni omu 8. Nguvu itapungua, lakini amplifaya itakuwa salama. Tumieni spika zinazofanana, maana zikitofautiana hazitagawana nguvu vizuri.

Na kama amplifaya ina kitufe cha A na B, someni maandishi kabla ya kuwasha zote mbili. Nyingi huunga A na B sambamba, ndiyo sababu zinataka omu zaidi, kwa mfano 8–16.

Kama maandishi yamefutika

Iondoeni spika kwenye amplifaya, kisha mpime ncha zake mbili kwa mita ya fundi. Mita itasoma pungufu kidogo ya namba iliyoandikwa kiwandani. Spika ya omu 8 husoma karibu 6, na ya omu 4 husoma 3 na kitu.

Waya nazo tusizisahau. Spika ikiwa mita 20 kutoka kwa amplifaya, umeme husafiri mita 40, kwenda na kurudi. Waya ya shaba ya milimita mraba 1.5 itaongeza kama nusu omu tu. Ile nyembamba ya 0.5 itaongeza kama omu moja na nusu, na kwa spika ya omu 4 zaidi ya robo ya nguvu itapotelea njiani.

Mambo ya kukumbuka

1. Zimeni amplifaya kabla ya kuunga waya yoyote, na mhakikishe nyuzi za nyekundu na nyeusi hazigusani.
2. Msiunge waya za upande wa kushoto pamoja na za kulia.
3. Amplifaya ikichoma mkono, punguzeni sauti au muizime ipoe.
4. Katika daftari la kikundi, andikeni omu za kila spika na omu za chini za amplifaya. Mteueni mtu mmoja wa kuunga, na wengine wasiguse.
5. Watu wakiwa wengi kuliko uwezo wa chombo, kodisheni amplifaya kubwa zaidi. Msiongeze spika kwa kubahatisha.

Haba na haba hujaza kibaba, na ninyi mmekijaza kwa jasho. Hesabu ya dakika moja isiwashinde.